Miaka miwili nilikuwa nainyoa lantana

Nilipoachiwa parseli, yaani kiwanja, ya marehemu baba hapa Bagira, Bukavu, nilikuta sehemu ya chini, inayoteremka bondeni, imezibwa na kichaka cha lantana, mmea wa miiba wenye maua. Maua yenyewe, tuseme ukweli, yanapendeza: katikati njano, pembeni waridi, maana kila kiua kikizeeka kinageuka rangi. Mke wangu akasema tukiache kiwe uzio. Nikakubali.

Kiangazi hicho nilimfunga mbuzi karibu na kichaka, kwa kamba fupi, majani mengine yakiwa yamekauka. Kosa langu hilo. Mbuzi aliyeshiba kwa kawaida haigusi lantana, ila njaa haichagui. Baada ya siku chache akawa anakimbilia kivulini, macho yamekuwa ya njano, masikio yamevimba, na ngozi ya pua inabanduka kama nyanya iliyotiwa maji ya moto. Daktari wa mifugo alichuma jani, akalifinya, akaniwekea puani. Harufu kali! Akaeleza kwamba sumu yake inaharibu ini. Ini likishindwa kazi, mabaki ya kijani cha majani yanabaki kwenye damu, na jua likipiga ngozi, ngozi inaungua. Siku ya sita mbuzi akafa.

Kwa hasira nikashika panga. Nilikata yote, nikachoma, nikajipongeza. Mvua ya Septemba ilipoanza, kila kisiki kilitoa machipukizi kumi mahali pa shina moja. Nikakata tena. Nikafanya hivyo miaka miwili, mikono imejaa mikwaruzo ya miiba, hadi mzee mmoja kutoka Kabare aliyepita njiani akasimama kunitazama.

«Mtoto wangu, hiyo unainyoa tu nywele.»

«Nifanyeje sasa, Papa?»

Akachukua jembe langu, akafukua udongo kuzunguka shina moja. Akanionyesha pale shina linapoungana na mzizi, pamevimba kama ngumi. Machipukizi yanatoka hapo. Akaukata mzizi chini ya uvimbe ule, kina cha vidole viwili au vitatu ardhini, akang'oa kichaka kizima na kukisimamisha kichwa chini, mizizi juani. Mizizi iliyobaki chini, akasema, iache ioze.

Nikafuata hivyo, siku moja au mbili baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Lakini sikusafisha mteremko wote mara moja. Anayeishi Bukavu anajua udongo wetu unavyoporomoka. Niling'oa kwa mistari, nikaacha mstari mmoja wa kichaka katikati, na kila palipobaki wazi nikapanda nyasi za setaria kwanza. Mstari ulioachwa niliurudia majira yaliyofuata, nikauwahi kabla matunda hayajageuka meusi. Mashina makavu tulipikia, ikapunguza gharama ya makala, yaani makaa.

Jambo moja lilinichanganya: kuna mmea wa jamii hiyo hiyo unaoota hapa, maua yake zambarau, majani yanakaa matatu matatu kwenye fundo, hauna miiba wala haufungi kichaka. Huo niliuacha. Lantana yenyewe majani yake yanakaa mawili mawili, yanakwaruza kama msasa, na shina changa ukilizungusha kati ya vidole unasikia pembe nne. Kwa miche midogo isiyo na maua, mimi huamini vidole na pua kuliko macho.

Leo pale chini kuna maharagwe. Tatizo lililobaki ni chini ya mparachichi. Ndege wanakula matunda kwenye uzio wa jirani, wanakuja kupumzika kwangu, wanaangusha mbegu. Kila baada ya wiki mbili nang'oa miche huko, mara saba, mara ishirini. Nimemweleza jirani habari ya mbuzi wangu. Amenipa pole, kisha akasema yeye hafugi mbuzi.