Pishi ya Mfuto

Kila msimu wa karafuu unapokaribia hapa Pemba, neno moja la Injili ya Luka hunirudia kabla hata majamvi hayajatandikwa uani. Ni lile la sura ya 6, mstari wa 38, ambapo Bwana Yesu anawaambia wanafunzi wake wawape watu vitu, nao watapewa kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika. Nimelisikia neno hilo kanisani tangu utotoni, na karibu kila mara lilisomwa wakati wa sadaka, kana kwamba Bwana alikuwa akikizungumzia kikapu kinachopitishwa katikati ya mabenchi. Kwa miaka mingi sikufikiri kwamba linalihusu shamba letu, ingawa shambani ndiko kilikokuwa kipimo chenyewe.

Kwa asiyeijua kazi yetu, mchumaji hupanda mkarafuu na upembo wake wa kuvutia matawi, hukaa juu kutwa nzima, na jioni huleta alichochuma kikapimwe kwa pishi. Pishi moja ni vibaba vinne, na malipo ya mchumaji hufuata idadi ya pishi zake. Anayelishika pishi ni mwenye shamba au mtu wake. Hulijaza, hushindilia kwa kiganja, hulitikisa, huongeza tena mpaka karafuu ziinuke juu ya ukingo na kuanza kumwagika, ndipo huhesabu: moja. Hivyo ndivyo nilivyowaona wakubwa wangu wakipima, nami nilipoachiwa mikarafuu nikapima hivyo hivyo bila kuona kosa.

Msimu mmoja bibi aliyekuwa akichuma matawi ya chini aliutazama mkono wangu unaposhindilia, akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, hiyo si pishi. Hiyo ni pishi na kibaba."

Sikumjibu. Usiku ule nilipiga hesabu na usingizi ukanipotea, kwa sababu kama kila pishi ilibeba kibaba cha ziada, basi mtu aliyehesabiwa pishi nne alikuwa ameniletea tano, na ya tano niliichukua bure, kutoka kwa mwanamke mwenye umri wa kuwa bibi yangu. Kilichonichoma zaidi ni kwamba maneno ya Luka yalikuwa yakinieleza mimi hatua kwa hatua, kujaza, kushindilia, kusukasuka, kumwaga, ila mimi nilikuwa nimeyageuza. Kipimo cha kumwagika ambacho Bwana anataka nikitumie ninapotoa, mimi nilikuwa nikikitumia ninapopokea.

Tangu hapo nimelisoma neno hilo pamoja na yale yanayolitangulia, na ninaamini tunalidhulumu tunapolifungia ndani ya sadaka. Linakuja baada ya amri ya kuwapenda adui na kuwakopesha watu bila kutumaini malipo, tena baada ya kuambiwa tuwe na huruma kama Baba yetu alivyo na huruma, na tusihukumu. Mathayo, katika sura ya 7, analiweka neno la kipimo kwenye habari ya kuhukumu. Marko, katika sura ya 4, analiweka kwenye habari ya kusikia. Ni neno la mkono wowote unaompimia mwenzake, iwe kwa fedha, kwa maneno au kwa hukumu.

Wenye mashamba tunayo hoja yetu, nami niliitumia sana. Karafuu mbichi huja na makonyo, yaani vijiti vyake, na majani, na ikikauka hupoteza kiasi cha theluthi mbili ya uzito wake; kwa hiyo, tunasema, ile ziada hufidia hasara. Lakini bei ya kuchuma hupangwa na watu wanaojua fika kwamba karafuu hukauka. Hasara hiyo imekwisha kuhesabiwa, na kumtoza mchumaji mara ya pili ni kumpunja.

Katika kisiwa hiki jambo hili lina uzito wa pekee. Baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba zao hili, na waliochuma walikuwa watumwa. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897, na mwaka huo huo wamisionari wa Kikristo waitwao Marafiki walikuja Pemba, wakaanzisha shamba ambamo walioachwa huru wangefanya kazi kwa ujira. Ninapokumbuka kwamba ujira wa mchumaji umetanguliwa na machozi ya namna hiyo, siwezi kukiita kibaba kimoja kitu kidogo.

Jirani yangu, mzee wa msikitini, nilimweleza yaliyonisibu. Alinyamaza kidogo, kisha akanikumbusha Sura ya 83 ya Kurani, inayowaonya wapunjao, wale ambao wakijipimia kwa watu hutaka kutimiziwa, na wakiwapimia wengine hupunguza. Hakulisema kwa kushindana nami. Tulikaa barazani hadi adhana ya magharibi, na nilimshukuru Mungu kwa jirani ambaye hakunipa udhuru.

Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili hiyo hiyo ya Luka, aliahidi kurudisha mara nne. Mimi sikufikia hapo. Nilirudisha kiasi nilichokadiria, na si kwa wote, maana baadhi ya wachumaji walikuwa wamekwisha kurudi kwao na sikujua pa kuwatafuta. Fedha zao nimeziweka kando, na msimu uliofuata wawili walipokuja niliwapa mikononi mwao, nikawaambia ni za nini. Mmoja alifikiri namkopesha. Kueleza kwamba zilikuwa zake tangu mwanzo kulinigharimu kuliko fedha zenyewe.

Sasa tunapima pishi ya mfuto, yaani iliyokatwa sawa na ukingo, na sijidanganyi kwamba hapo nimelitimiza neno la Luka, kwa kuwa mfuto ni haki tu. Kumwagika ni kwa yule anayetoa, nami ndiyo kwanza naanza kujifunza, kwa wali wa mchana usiopimwa na kwa kumlipa aliyeumia siku ambazo hakupanda mti.

Ubao wa kukatia sikuutaka ukae mkononi mwangu. Mchumaji mwenyewe ndiye huushika, na msimu huu wa kwanza kuushika alikuwa bibi yule yule. Aliupitisha juu ya pishi taratibu, akaziokota moja moja karafuu zilizobaki ukingoni, akazirudisha ndani ya pakacha lake.