Ukuta wetu wa Temeke: siku moja maishani mwangu

Saa 11 alfajiri. Nimeacha unga, yaani heroini, miaka sita iliyopita, lakini bado naamka mapema kama enzi zile, nilipokuwa nafumbua macho huku nikiwaza kete ya kwanza itatoka wapi. Sasa nabandika chai.

Saa 1 asubuhi. Kliniki. Nakunywa methadoni yangu, dawa ya kutuliza hamu ya unga, mbele ya nesi, nasema "asante" asikie kwamba nimemeza. Ni kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo. Huduma hii ilianza Muhimbili mwaka 2011. Mimi nilichelewa kuijua, na rafiki zangu wengine hawakuiwahi kabisa.

Saa 3. Dukani kwa rangi. Uchoraji nilifundishwa na mafundi wa Tingatinga, wanaofuata mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga hapa Dar mwaka 1968. Rangi zao za mafuta nazipenda mno kwa mng'ao wake. Ila kwa kikundi chetu, sisi tulioacha unga tunaochora ukutani, nanunua za maji. Mwaka jana nilifungua kopo la tina ya kuyeyushia rangi ya mafuta, harufu ikasambaa, kijana mmoja akatoka nje mbio, anatetemeka. Alikulia mtaani akinusa gundi. Sitarudia.

Saa 4. Ukutani. Tuko kumi na wawili, wanawake wawili tu. Mwanaume akiwa teja wapo watakaomhurumia; mwanamke anatukanwa, basi anajificha, na tiba inamkosa. Hilo linaniuma.

Sharti letu ni moja: hatuchori sindano wala kete, maana picha yake tu inaamsha hamu. Chora mwili, chora nyumbani kwenu. Dada mmoja anachora arosto, yale mateso ya mwili unapokosa unga: mwanamke amejikunja, magoti kifuani, siafu wanamwingia mgongoni kwa mstari. Anawachora mmoja mmoja kwa ncha ya brashi, na kila siafu ana miguu yake yote. Nilimwambia apumzike, akakataa. "Kwenye mifupa ndimo walimokuwa, kaka. Acha niwatoe."

Saa 8 mchana. Wapita njia wanasimama. "Mateja wanapaka rangi!" Tunaendelea.

Pembeni, kaka mmoja amechora sufuria iliyofungwa kwa kufuli. Aliuza vyombo vyote vya nyumbani kwao, hii ndiyo iliyobaki. Mama yake amekuja leo, sijui nani alimwambia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Anaitazama sufuria kwa muda mrefu. "Na mimi niko wapi hapa?"

Mwanawe anainamisha kichwa. Anasema hakuthubutu kumchora.

"Nichore. Unipe na ufunguo."

Saa 11 jioni. Brashi nimeshaziosha, imebaki moja tu. Mama bado amesimama, ameshika pindo la kanga yake kwa mikono miwili, amelinyoosha ili mwanawe ayaone maua vizuri.