Ziwa Nakuru bado liko, njooni muone

Kila nikisema nimezaliwa Nakuru kuna mtu lazima aniambie ati siku hizi huko mbugani hakuna kitu, flamingo walihama. Jameni, hapana. Wengi walihama kweli, hiyo sikatai, lakini hii mbuga iko na uhai kushinda venye watu wanafikiria na inaniuma nikiona watu wetu wanapita hapo barabarani wakienda Kisumu bila hata kugeuza kichwa. Jumamosi tuliingia geti likifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na tukatoka jua likishuka, na watoto wa dadangu walikuwa bado wanataka kuendelea.

Tulikuwa na mjomba wangu kutoka Soy, wale watoto, na dereva kijana anayeijua hiyo mbuga vizuri sana. Malipo ni kwa eCitizen peke yake, ile tovuti ya serikali ya kulipia huduma, kash haipokelewi, kwa hivyo lipeni mkiwa bado nyumbani.

Kitu cha kwanza utaona ni miti iliyokufa imesimama ndani ya maji. Hiyo ilikuwa migunga, ile ya gome la manjano, zamani ikiwa nchi kavu na watu wakipita chini yake na magari. Sasa matawi yake makavu yamejaa mnandi wamekaa wakianika mabawa, na furukombe juu kabisa akiangalia samaki. Dereva alizima gari akatuonyesha penye barabara ya zamani inaingia majini na haitoki tena, na hata geti kuu lile tulilojua tukiwa wadogo lilifunikwa na maji.

Sasa hiyo ndiyo stori yenyewe ya flamingo. Wale wa aina ndogo ndio walikuwa wanajaza ufuo mpaka unaonekana wa waridi ukiwa mbali, na hao chakula chao ni mwani, ule wa spirulina, ambao unapenda maji yenye magadi mengi, hata ile rangi yao wanaipata humo humo kwa mwani. Kuanzia 2010 hivi mvua ikazidi, mto Njoro na Makalia na Nderit ikaleta maji, na ziwa halina mto wa kutoa maji nje, yakiingia yanakaa hapo mpaka jua liyapunguze, basi yakapanda na kupanda, magadi yakachujuka, mwani ukapungua na ndege wakafuata chakula Ziwa Bogoria na kwingine. Hawa ndege wamezoea kuhamahama kati ya maziwa ya Bonde la Ufa tangu zamani, hata kuzaa karibu wote hapa Afrika Mashariki wanaenda Natron, Tanzania. Maji yakibadilika wengine wanarudi, na sisi tuliona kundi dogo upande wa kusini likitembea kwa maji ya kina kifupi vichwa vimeinama chini. Mwari ndio walikuwa wengi. Kuna samaki walioletwa hapa zamani kutoka Ziwa Magadi ili wale viluwiluwi vya mbu, na tangu samaki wawepo mwari nao wakapata sababu ya kuja.

Lakini mimi naenda Nakuru kwa sababu ya kifaru. Mahali pengine unaweza kuzunguka siku nzima umtafute usimuone, hapa wanatoka kula nyasi karibu na ziwa kabisa, na kwa sababu mbuga yote imezungushiwa ua wa umeme wamelindwa hapa tangu miaka ya 1980 wakati majangili walikuwa wanawamaliza nchi nzima. Tuliwakuta weupe, mama na mtoto wake, karibu na barabara. Dereva akasema tusiseme kitu, tukanyamaza, na kile nilichosikia ni nyasi zikikatwa, krap krap krap, mdomo ule mpana ukisukuma mbele polepole. Walikaa hapo muda mrefu sana, gari zingine zilisimama zikapiga picha zikaenda na sisi tukabaki, na nawaambia ukibaki ndio unaona vitu, kwa mfano mama akianza kutembea mtoto anatangulia mbele yake, na dereva akatueleza kwamba kwa kifaru mweusi mtoto hufuata nyuma kwa sababu hao hukaa vichakani na mama ndiye anapasua njia. Mweusi tulimuona baadaye, mbali, na darubini, akivuta majani ya kichaka na ule mdomo wake uliochongoka. Dakika chache tu halafu akaingia ndani. Hata hizo dakika nashukuru, kwa sababu kuna watoto Kenya hii watakua bila kumuona hata mara moja.

Halafu twiga. Twiga wa Nakuru ni wale wa Rothschild, miguu yao kutoka magotini kwenda chini ni myeupe haina madoa, na waliletwa hapa miaka ya 1970 kutoka Soy. Mjomba alikuwa hajui hiyo. Dereva alivyosema hivyo mzee akageuka, "Kijana wangu, umesema Soy? Soy ya kwetu?" Dereva akasema, "Ndiyo mzee, Soy ya karibu na Eldoret, mashamba yalikuwa yanagawanywa na twiga wakakosa pa kukaa." Mjomba akanyamaza kidogo halafu akatuambia babake alikuwa anawaona wakipita mashambani kwa settla, wale wazungu wa zamani, wakivuka seng'enge, yeye alidhani walimalizwa wote. Akasimama pale paa limefunguka akiwaangalia wakila migunga, na mtoto wa dadangu alipomuuliza kama hao ni wa kwao akamjibu, "Ndio, mjukuu wangu, hao ni majirani." Sijawahi kumuona mjomba na furaha kama hiyo.

Simba pia tuliona, jike amelala juu ya mti, mkia unaning'inia, na simba wa Nakuru wanajulikana kwa hiyo tabia ya kupanda miti. Lakini gari zilijaa hapo watu wakisukumana na kupiga kelele, mimi naona si heshima kwa mnyama, tukaangalia kidogo tukaondoka. Nyati, kuro, pundamilia na ngiri ni wengi mpaka watoto wakaacha kuwataja. Ndovu msitafute, hapa hakuna.

Chakula tulikula juu Baboon Cliff, na kutoka pale unaona ziwa lote na jiji upande wa pili, maghorofa na mabati yanang'aa, na ndio unaelewa jinsi hii mbuga imebanwa na maji yanayopanda upande mmoja na watu upande mwingine. Mvua ya milima ya Mau na taka za mitaro yetu zote zinaishia hapo chini. Wale mnaokaa Nakuru, leteni watoto wakiwa bado wadogo. Beba maji, darubini hata ya kuazima, na sweta kwa sababu asubuhi ni baridi, na mkifika Baboon Cliff fungeni vioo vya gari kabla ya kushuka, nyani wa pale wanajua mkoba wenye chapati, na tafadhali msiwape chakula hata wakiwaangalia vipi.