Mshauri wa ukarabati baada ya tetemeko, mi ningemdai fomu kwanza

Jiji likipigwa na tetemeko, baada ya wiki za kufukua vifusi na kugawa mahema inafika siku tangazo la zabuni linatoka, anatafutwa mshauri elekezi wa kupanga programu ya kukarabati nyumba za watu. Hapo hapo kelele zinaanza, mbona hela zinaenda kwa watu wa tai na kompyuta wakati familia zimelala nje, si wangenunua saruji tu. Mi siko upande huo kwa kweli. Ofisi iliyozoea kutoa vibali vichache vichache kwa wiki haiwezi kuamka asubuhi ikahudumia maelfu ya nyumba zilizopasuka, hata iwe na mainjinia wazuri namna gani, lazima iazime vichwa. Shida yangu ni kile wanachoagizwa kuleta. Hadidu za rejea nyingi, yani yale maelezo ya kazi anayopewa mshauri, zinaomba ripoti, ripoti ya awali, ripoti ya kati, ripoti ya mwisho, na ramani za rangi ndani yake. Mi ningeomba fomu.

Fomu kweli yani, karatasi. Ile anayojaza mkaguzi akiwa kalala kifudifudi chini ya sakafu na tochi mkononi, ile ya mwenye nyumba kuomba hela, ile ya kupokea kazi kwamba imeisha, na ile ya kulalamika. Programu ya ukarabati ukiivua mapambo yote kinachobaki ni hizo karatasi nne na swali la nani anasaini wapi.

Tuanze na stika zinazobandikwa kwenye nyumba baada ya tetemeko. Ule utaratibu wa nyekundu, njano na kijani, mwongozo wake unaitwa ATC-20, ulitoka California mwaka 1989 na umeigwa sehemu nyingi. Ni kitu kizuri lakini kazi yake ni moja tu, kukwambia kama ni salama kuingia ndani. Mkaguzi anapita haraka, anabandika, anaenda nyumba inayofuata. Nyumba inaweza kupata kijani huku ina ufa wa mshazari umeanzia kona ya dirisha mpaka darini, milango haifungi, sakafu imelala upande mmoja. Nyingine inapata nyekundu kumbe tatizo ni bomba la moshi la jirani linaloning'inia juu yake. Halafu mtu anakuja anahesabu stika, anazidisha na bei ya wastani, anaiita bajeti ya ukarabati!! Hiyo namba haina mwenyewe.

Waitaliano kwenye hili wamefika mbali kidogo. Baada ya tetemeko la L'Aquila, tarehe 6 Aprili 2009, fomu yao ya ukaguzi ilikuwa na madaraja kuanzia A mpaka F. A nyumba inakalika, E haikaliki, na F ndo naipenda mimi, ni nyumba isiyoruhusiwa kukaliwa kwa sababu ya hatari iliyo nje yake, labda jengo la pembeni linaweza kuiangukia. Ona herufi moja inavyookoa muda, huyu wa F huenda hahitaji fundi kabisa, anahitaji jirani yake ashughulikiwe kwanza, na bila hiyo herufi angepangiwa foleni isiyomhusu.

Sasa Christchurch, New Zealand, hapa pana mengi ya kujifunza na mengine yanauma. Tetemeko la kwanza tarehe 4 Septemba 2010, kipimo 7.1, halafu la 22 Februari 2011, kipimo 6.3, dogo kwa namba lakini lilikuwa karibu na jiji na likaua watu 185. Kule kuna mfuko wa serikali wa bima ya matetemeko, wakati ule ulikuwa unalipa dola 100,000 za kwao za mwanzo kwa nyumba na kodi ya serikali juu yake, ikizidi hapo unahamia kwa kampuni yako ya bima. Mfuko ukaamua kutengeneza nyumba wenyewe kupitia kampuni moja kubwa ya ujenzi, zaidi ya nyumba 60,000. Na ardhi ikaendelea kutikisika. Mahakama ikasema bima inaanza upya kwa kila tetemeko, kwa hiyo ukuta ule ule mmoja ikabidi watu wakae waamue huu ufa ni wa Septemba au wa Februari, maana jibu ndo linaamua nani analipa. Fikiria mkaguzi anafika nyumba imeshapigwa mara mbili, tatu, na kwenye fomu ya mara ya kwanza waliandika tu "nyufa sebuleni".

Halafu kuna kazi za chini ya sakafu. Nyumba nyingi za kule ni za mbao, zimekaa juu ya vinguzo vifupi, ardhi ikishuka sakafu inainama. Dawa yake ni kuinua kwa jeki na kuchomeka vipande vya mbao kati ya nguzo na boriti. Ukifanya vizuri ni kazi halali, ukifanya vibaya kipande kinakaa kimelegea na hakuna anayeona maana zulia limesharudishwa na rangi imepakwa inang'aa. Nyumba kibao zilirudiwa, na mbaya zaidi nyingine zilikuwa zimeshauzwa, mnunuzi kalipa hela ya nyumba iliyotengenezwa kumbe imepakwa rangi, mpaka mwaka 2019 serikali ikabidi itenge fungu maalum kwa ajili ya hao walionunua. Tume ya kuuchunguza ule mfuko, iliyoongozwa na Silvia Cartwright, ikatoa ripoti yake 2020, karibu miaka kumi baada ya tetemeko la kwanza. Ndo maana nasema fomu ya kupokea kazi iwe na picha za chini ya sakafu kabla haijafunikwa na asaini mtu ambaye halipwi na mkandarasi. Mistari miwili hiyo tu.

Nepal baada ya tetemeko la Aprili 2015 walienda njia nyingine, mwenye nyumba ndo anajenga, serikali inatoa rupia 300,000 kwa awamu tatu, 50,000 halafu 150,000 halafu 100,000, na kabla ya kila awamu inayofuata injinia anakuja kukagua. Ukiangalia vizuri mpango mzima hapo ni ratiba ya mainjinia, akichelewa yeye msingi unakaa vile vile mvua zinaunyeshea. Na mkataba wa ruzuku ulitaka karatasi za ardhi, asiyekuwa nazo akabaki anazunguka maofisini.

Wapangaji ndo wanasahaulika kuliko wote. Tetemeko la Northridge, Los Angeles, 17 Januari 1994, sehemu kubwa ya makazi yaliyoharibika vibaya yalikuwa ya kupanga. Kuna mitaa ilihamwa ikabaki magofu, na jiji likatumia hela za serikali kuu kuwakopesha wenye majengo, kwa sababu bei za nyumba zilikuwa zimeshuka na mwenye jengo ambaye tayari anadaiwa na benki kuliko thamani ya jengo lake nani atamkopesha tena? Mpangaji hapo hana pa kusaini. Kama fomu ya mwenye nyumba haina sehemu inayouliza waliokuwa wanaishi humu wako wapi na watarudi kwa kodi gani, basi programu itatengeneza majengo na watu watapotea.

Kuna swali moja ambalo mshauri asipewe kabisa, nalo ni kama tunarudisha nyumba ilivyokuwa au tunaiimarisha. Kwenye ghorofa za Northridge Meadows walikufa watu 16, chini kulikuwa na nafasi za kuegesha magari na ghorofa ya kwanza ikalaliwa na za juu. Los Angeles imekuja kulazimisha majengo ya mbao ya aina hiyo yaimarishwe mwaka 2015. Kuimarisha kunagharimu zaidi, kwa hela ile ile utafikia nyumba chache, kwa hiyo huo ni uamuzi wa madiwani, wapige kura majina yao yaonekane, wasijifiche nyuma ya pendekezo la ukurasa wa mwisho kwenye ripoti.

Malipo je? Ukimlipa mshauri kwa saa ripoti zinanenepa. Mi ningeweka sehemu kubwa ya hela kwenye majaribio, fomu zote nne zipitishwe kwenye nyumba halisi kabla programu haijatangazwa, na nyumba za kujaribia zisichaguliwe zile rahisi, wachukue ya mjane asiye na hati, jengo lenye wapangaji kumi na mwenye nyumba hapokei simu, na ile iliyopigwa na tetemeko mara mbili. Mshauri huyo na kampuni zake ndugu wasiruhusiwe kuomba kazi ya ujenzi wala ya ukaguzi kwenye programu hiyo hiyo. Na orodha ya nyumba, picha, vipimo, vyote vikae kwenye kompyuta za jiji toka siku ya kwanza.