Imesokotwa upande gani?

"Haijalishi, bibi." Tangu Jumanne maneno haya yananichoma kama unyuzi wa usumba ulioingia chini ya ukucha.

Mnamjua bibi, anafukia makumbi ya kusokotea kamba pwani ya Jambiani tangu mama hajazaliwa. Nilimpigia kumjulia hali, akauliza ile kamba ya angani ninayoiandikia tasnifu imefikia wapi. Nikamweleza kwamba Jua hutema gesi yenye sumaku, ikasafiri siku kadhaa hali imejipinda kama kamba, na ni nene hata huchukua karibu siku nzima kutupita. Akanyamaza. "Imesokotwa upande gani, mume wangu? Kulia au kushoto?"

Nami naning'inia mlangoni mwa daladala, nikamjibu hivyo: haijalishi. Akasema "haya", taratibu, akakata.

Sura ya tatu ya tasnifu imekubaliwa, lakini mimi nasikia ile "haya" tu.

Kwa sababu inajalisha! Katika modeli ya Lundquist ya 1950, yaani maelezo ya kihesabu ya kamba kama hii, uga sumaku (uelekeo na nguvu ya sumaku) katikati ya kamba umenyooka. Ukienda nje unazidi kupinda, hadi ukingoni unazunguka kama pete. Kuueleza, fomula mbili tu zinatosha, ziitwazo fankisheni za Bessel. Ila mbele ya moja kuna alama, jumlisha au toa, na hiyo alama ndiyo swali la bibi. Chukua kamba moja, wingu la gesi la Januari 1997 lililopimwa na chombo cha angani cha Wind: uga wake ulianza ukielekea kusini ukaishia kaskazini. Hapo hujajua msokoto. Tazama katikati: uga ukipitia mashariki, kamba ni ya kushoto, ukipitia magharibi, ya kulia. Na chombo kimoja hukata mstari mmoja tu ndani ya kitu chenye upana wa makumi ya mamilioni ya kilomita.

Ijumaa nikampigia tena. Shikamoo, nisamehe, nikamsomea yote hayo. Nilimsikia akivuta kigoda.

"Na uzi wa pili u wapi?"

"Hakuna wa pili, bibi. Inajisokota peke yake."

"Uongo huo." Akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka naye, moyo mweupe kabisa. Nimeandika swali lake juu ya ukurasa wa kwanza wa sura ya nne, kwa kalamu nyekundu.