Zombi mmoja tu

Jana usiku, hapa Kondele, nilipoteza mji mzima kwa sababu ya zombi mmoja. Mmoja! They Are Billions, gemu ya kujenga mji na kuulinda dhidi ya mazombi, ya Wahispania wa Numantian Games iliyotoka rasmi 2019, haina huruma: zombi akiingia nyumba moja, wenyeji wote wanageuka na kumiminikia majirani. Na huwezi kurudi nyuma ujaribu tena. Binamu yangu anauita uonevu. Mimi naona utamu uko hapo hapo.

Kosa ni langu. Niliharakia askari wa bunduki, ambao kelele zao huwavuta mazombi, nikadharau wapiga mishale. Pengo ukutani nililiona, ila nikakimbilia jikoni kugeuza omena. Kitufe cha kusimamisha gemu kipo, jamani! Omena nazo ziliungua.