Saa nane na nusu ya nani?

Bayreuth, Jumapili, 26 Oktoba 2025

Usiku wa kuamkia leo, mimi nimelala zangu, saa za Ujerumani zilifika tisa zikarudi nane. Ndivyo Ulaya wafanyavyo kila Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na Jumapili ya mwisho ya Machi wanazisogeza mbele tena. Nilishalisoma jambo hili kabla sijaondoka nyumbani, ila kulisoma ni kitu kimoja, kuamkia ndani yake ni kingine. Nimepewa saa nzima ya bure na sijui pa kuipeleka, basi naandika. Tena inafaa niandike leo, maana katika hizi wiki tatu na ushei nilizokaa hapa, karibu kila balaa lililonikuta lilikuwa balaa la saa.

Nilifika Alhamisi, tarehe 2. Kutoka uwanja wa ndege wa Frankfurt nilipanda treni hadi Nürnberg, kisha treni ndogo ya kuja huku. Hiyo treni ndogo ina vituko vyake: inakatika njiani. Mabehewa ya mbele yanakwenda kwao na ya nyuma kwao, na tangazo lenyewe linapita kwa Kijerumani cha mbio. Kama si bibi mmoja aliyepakata kikapu cha uyoga, ambaye aliisoma tiketi yangu, akashika mpini wa begi langu bila salamu na kuniburuza behewa la pili, sasa hivi ningekuwa nasomea mji mwingine.

Nilishuka saa mbili na nusu usiku, njaa imenishika. Hapa Bavaria maduka hufungwa saa mbili. Na hufungwa kwelikweli, si ule ufungaji wa kwa Mangi ambako ukigonga dirisha saa tano usiku unauziwa sukari robo. Nikasema potelea mbali, kesho. Kesho yake ikawa tarehe 3 Oktoba, Siku ya Muungano wa Ujerumani, wanayoiadhimisha tangu mwaka 1990, na maduka hayakufunguliwa kabisa. Mimi mtoto wa Tanga, sikukuu ya Muungano naijua vizuri, ila kwetu siku hiyo Ngamiani ndiyo kwanza kunachangamka. Siku yangu ya kwanza nzima Ulaya niliila kwa visheti na korosho alizonifungia mama, vile vile nilivyomlalamikia kwamba vinamaliza kilo za begi. Baadaye niliambiwa duka la kituo cha mafuta lilikuwa wazi. Baadaye.

Lakini kilichonitikisa kuliko njaa ni jua. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tumezoea kwamba hesabu yetu ina mantiki: mchana ukianza tunaanza moja, usiku ukiingia tunaanza moja tena. Tanga hilo halina ubishi. Jua linachomoza kwenye saa kumi na mbili, na ikifika saa moja asubuhi uani kumeshafagiliwa. Asubuhi yangu ya kwanza hapa niliamka saa moja nikakuta giza. Nikadhani simu imeharibika. Jua lilitoka saa moja na robo, tena kwa kujivuta, na tangu siku hiyo limekuwa likichelewa zaidi kila kukicha. Saa moja gani hii isiyo na jua? Adhana ya kuisikia dirishani haipo, naswali kwa kufuata programu ya simu, na jioni nimekuwa nikiitazama magharibi ikisogea mapema dakika mbili leo, mbili kesho, kama mtu anayekwepa deni.

Jumatatu msimamizi wa hosteli alisimama mlangoni akaniambia nimfuate kesho, "halb zehn", nichukue ufunguo wa kabati langu la jikoni. Kijerumani changu ni cha miezi minne. Halb najua ni nusu, zehn najua ni kumi. Kumi na nusu! Kwa Kiswahili ni saa nne na nusu asubuhi. Nilifika dakika tano kabla, nimejifunga mtandio vizuri, najisifu moyoni kwamba leo Mswahili amewahi. Mlango umefungwa. Kumbe Mjerumani akitaja nusu, anaihesabu ile nusu inayoiendea namba anayoitaja, si ile inayotoka kwake. Halb zehn ni saa tatu na nusu. Nilikuwa nimechelewa saa nzima na ushindi usoni. Sufuria yangu ikalala chini ya kitanda siku mbili zaidi.

Masomo yalipoanza, nikakuta jambo ambalo bado linanichekesha nikiwa peke yangu. Kwenye ratiba kipindi kimeandikwa 10 c.t. Nikawahi, ukumbi mtupu. Hizo herufi mbili ni Kilatini, na maana yake ni kwamba kipindi kinaanza robo saa baada ya muda ulioandikwa. Wakitaka kuanza juu ya alama wanaandika s.t. Yaani Wajerumani hawa, ambao tangu shule ya msingi tunapigiwa mfano wao kwa kutunza muda, wanachelewa robo saa kwa utaratibu maalumu, tena kwa lugha ya Warumi. Kwetu ukichelewa robo saa unaambiwa una saa za Kiafrika. Sisi kosa letu ni kutoliandika kwenye ratiba.

Sasa nifike kwa Bwana Shikamoo.

Chuo Kikuu cha Bayreuth kilianza kufundisha mwaka 1975 na kina jina kubwa katika masomo ya Afrika. Kiswahili kinasomeshwa hapa, na mimi nilikuwa sijui kwa kiwango gani mpaka siku ile kwenye foleni ya chakula, kijana mrefu wa Kijerumani aliposikia natuma ujumbe wa sauti nyumbani. Akasubiri nimalize. Kisha akainamisha kichwa: "Shikamoo, dada. Je, umeshastaftahi?"

Nina miaka 22. Yeye kwa kumkadiria hapungui 25. Na neno kustaftahi mara ya mwisho nililisikia kwa marehemu bibi. Nikamjibu, "Marahaba, mwanangu," na masikini hakujua kwamba namtania, alifurahi. Tulikaa meza moja akanieleza habari ya hela, kwamba neno hilo ni Heller, sarafu ya Wajerumani wakati wa utawala wao kwetu, mia moja kwa rupia moja kuanzia mwaka 1904. Shule nayo ni Schule, hilo nilikuwa nalijua; Tanga ni mji ambao Wajerumani walianzisha shule ya serikali mapema miaka ya 1890, na mwalimu wetu wa historia hakuacha kutukumbusha. Lakini hela! Maisha yangu yote namwomba mama hela, sikujua kwamba namwomba kwa Kijerumani.

Akanialika nikaone maonyesho Iwalewahaus, nyumba ya sanaa za Afrika ya chuo, iliyoanzishwa mwaka 1981. Jioni akatuma ujumbe: "Dada, tukutane mlangoni Jumamosi, saa nane na nusu."

Nikaufikiria ule ujumbe kama mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka. Huyu ni Mjerumani, nikasema. Ameangalia namba 8 kwenye saa yake akaandika nane, kama wageni wote. Anamaanisha saa mbili na nusu asubuhi. Nikajipongeza kwa kuwa mjanja.

Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi, nilikuwa nimesimama mbele ya mlango uliofungwa, ukungu umeshuka hadi barabarani, vidole vimekufa ganzi ndani ya glovu za kuazima. Nikamwandikia: "Nimefika." Jibu likarudi: "Mapema sana! Bado saa sita."

Niliusoma mara tatu. Bado saa sita. Nikadhani ananiambia haijafika saa sita mchana, nikashangaa saa sita imeingiaje hapa. Mpaka nilipohesabu kwa vidole vile vile vilivyokufa ganzi: kutoka sasa hadi saa nane na nusu mchana, saa sita kamili. Kijana aliandika Kiswahili. Kiswahili safi, chenye jua lake. Mimi ndiye niliyekikataa.

Tulipokutana hiyo mchana, nikamweleza, alicheka hadi akakaa kwenye ngazi. Mwalimu wao, akasema, aliwapigisha zoezi la saa wiki nzima mpaka wakawa wanaota. "Halb drei," akanionyesha saa ya mkononi, "14:30, saa nane na nusu. Ni ile ile." Ya maonyesho sina mengi ya kusema, nilikuwa bado natetemeka na nilitumia muda mwingi karibu na kipasha joto. Nitarudi.

Basi leo. Jua limezama saa kumi na moja na dakika chache. Magharibi saa kumi na moja! Nimeswali, nimepika wali, na saa moja kamili mama akapiga. Kwa kawaida hunipigia akishaswali isha, saa tatu kwake, saa mbili kwangu.

"Mbona unatafuna?"

"Ndiyo kwanza nala, mama. Umepiga mapema leo."

"Mapema wapi? Napiga saa zile zile."

Nikamweleza kwamba usiku wa jana wamerudisha saa nyuma, sasa tumepishana saa mbili badala ya moja. Kimya. Nikasikia televisheni ya sebuleni, na mtu anaburuta kiti.

"Nani kawaambia wazirudishe?"

"Ni utaratibu wao, mama. Kila mwaka."

"Na jua nalo limerudi?"

"Hapana. Jua limezama saa kumi na moja."

"Basi wamejisumbua," akasema mama, na akaendelea na yake: nimevaa soksi, nimekula nini, visheti vimebaki?

Viliisha tarehe 5. Nikamwambia vimebaki viwili.